Kisima cha Baba na Bomba Langu

Karatasi ilikuwa na kurasa mbili, na mimi ni mtu wa karatasi. Nimekuwa karani wa ghala huko Industrial Area karibu maisha yangu yote ya kazi, na sijaona fomu ya kunishinda. Hii niliisoma mara nne nimesimama uani, mkoba ungali begani, na mara zote nne ilisema lilelile. Maji ya kisima chetu yalikuwa na vijidudu vinavyotoka kwenye kinyesi cha binadamu. Hayafai kunywewa. Nilimtazama msichana wa afya ya umma aliyeniletea karatasi hiyo, nikamwambia amekosea nyumba.

"Sijakosea, auntie," akasema. "Nilichota hapa nje mwenyewe. Hiyo siku ulikuwa kazini."

Kisima hicho hakikuwa kisima tu. Kilikuwa cha baba yangu, na baba alikuwa kaburini mwaka wa sita.

Baba aliuza sukari na unga kwa jumla, na duka lake lilitazamana na foleni ya mitungi. Mabomba ya mtaa yalikuwa yakikauka siku tatu, nne, na wanawake wakishinda hapo juani wakigombana. Siku moja akasema amechoka kuuza sukari kwa watu wasio na maji ya chai. Akachimba kisima uani kwetu, cha mkono, cha kamba na ndoo. Kilipokauka hakukata tamaa. Alileta mashine, ikachimba kisima kirefu hatua nane tu kutoka kile cha kwanza, akaweka tangi juu, akapitisha bomba ukutani hadi nje barabarani ili kila mwenye mtungi achote bila kulipa na bila kubisha hodi. Wachongaji vinyago wa kutoka Ukambani walichota, madereva walichota, Wasomali wa maduka ya nguo walichota. Baba alisema maji hayaulizi mtu dini yake.

Mama alikuwa na hesabu yake kuhusu bomba hilo. Kwake, kila kikombe kilichonywewa kilimfikia baba kule aliko, kikaandikwa kwa jina lake. Asubuhi baada ya kusali alifungua dirisha asikie mitungi ikigongana. Usingizi ukimpaa, alisema, anafikiria watu wote waliokunywa siku hiyo, na roho yake inatulia. Ana zaidi ya miaka themanini. Furaha nyingine hana, isipokuwa kunikosoa mapishi.

Ni mama pia aliyekataa kisima cha zamani kufukiwa. Mafundi wa mashine walisema kijazwe udongo na saruji hadi juu, tena walisema kwa ukali. Mama akasema kisima kilichotolewa sadaka hakifukiwi, ni kama kumzika mtu angali anapumua. Sijui kama hiyo ni dini au ni yeye tu. Mafundi wakashindwa, kikafunikwa kwa zege, na mama akaweka juu yake makopo ya mrehani.

Sasa nieleze hiyo habari ya siku niliyokuwa kazini, maana aibu yangu ya kwanza imelala hapo.

Kila mwaka maji yetu yalipimwa. Ofisi ilikuwa inanipigia simu mapema: tutakuja Jumatano. Basi Jumanne mimi nachukua ruhusa kazini. Nakodi vijana wawili wapande tangini walisugue. Namimina dawa ya maji ya kutosha mtaa mzima. Bomba la nje nalipiga brashi, nalifuta kwa kitambaa, linang'aa. Jumatano wageni wanafika, wanachota, wanakunywa chai na mahamri, wanaondoka, na baada ya wiki mbili naletewa cheti safi. Nilivitia vyote kwenye fremu, nikavitundika ukutani juu ya bomba, vimefunikwa nailoni visilowe. Watu walivisoma wakingoja mitungi ijae.

Naapa sikujua kwamba nadanganya. Nililelewa hivyo. Mgeni akija unafagia, unatoa vikombe vya kabatini, unabadilisha shuka. Nani anampokea mgeni na masufuria machafu ili ajue ukweli wa nyumba? Wahenga walisema nyumba njema si mlango, na mimi nilikuwa nimesugua mlango miaka sita mfululizo. Vyeti vile vilikuwa vya maji ya Jumatano. Mtaa ulikuwa unakunywa ya Alhamisi hadi Jumanne.

Msichana huyu hakupiga simu. Alikuja siku yoyote tu, akachota kama mchotaji mwingine, akaenda zake. Mwanzoni nilimchukia kwa hilo. Nilimuuliza nani kamfundisha kazi ya kuvizia, akanijibu kwa upole kwamba ugonjwa nao haupigi simu.

"Kuna shimo lolote karibu na kisima?" akauliza. "Shimo la choo, la maji taka, lolote?"

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Binti yangu, mimi nimezaliwa uani humu. Hakuna shimo."

Na nilisema kweli nilivyoijua. Kisima cha zamani kwangu hakikuwa shimo. Kilikuwa kisima. Lakini yeye alizunguka uani polepole, akasimama mbele ya makopo ya mrehani, akainama. Kando ya zege lile palikuwa na bomba la plastiki, nene kama mkono wangu, linaingia chini. Akaligusa kwa ncha ya kiatu.

"Na hili linaenda wapi?"

Bomba lile nililijua. Bomba lile lilikuwa langu.

Mwaka wa mwisho wa uhai wake baba alilala kitandani, nusu ya mwili imekufa, ulimi mzito. Uani alikuwa amejenga baraza la kutawadhia, lenye mabomba madogo manne, wanaume wa mtaa watawadhe kabla ya kwenda kusali. Maji yaliyotumika yalikuwa yanatiririka hadi kichochoroni, yanafanya tope, na majirani walianza kununa. Nikapata wazo. Kwa nini tusiyaelekeze kwenye kisima cha zamani? Maji ya udhu si maji taka. Ni maji ya watu wanaojiandaa kusimama mbele ya Mola wao. Niliona hata ni heshima: kisima kilichokauka kitapata tena maji, tena maji ya ibada. Nilijisifu sana kichwani mwangu. Mpaka leo nikikumbuka nilivyojisifu natamani kujizaba kofi.

Fundi wa mabomba alikuwa kijana wa hapohapo mtaani, sasa ni mtu mzima mwenye watoto. Nilipomwambia, alikuna kichwa.

"Mathe, kwani mzee anasemaje? Hii ni kisima yake."

Baba alikuwa ndani, hawezi hata kuomba maji ya kunywa bila kulia. Ningemuuliza nini? Na nilijua fundi hatachimba kwa neno la binti. Kwetu binti anaweza kuendesha ghala zima huko mjini, akirudi nyumbani ni mtoto wa fulani. Basi nikasema maneno mawili ambayo katika uwanja ule yalifungua kila mlango.

"Mzee amesema."

Siku hiyohiyo bomba likalazwa. Tope likaisha. Majirani wakaingia kumshukuru baba kitandani, naye akawatazama bila kuelewa, na wakadhani ni unyenyekevu.

Hayo ya udhu peke yake pengine yasingetufikisha hapa. Lakini baada ya baba kufariki, mabomba ya maji taka ya mtaa yaliziba, na vyoo vya vyumba vyetu vya wapangaji vikaanza kurudisha uchafu juu. Nilimwita fundi yuleyule. Kufika jioni kazi imekwisha, vyoo vinameza kila kitu, na yeye ananawa mikono akitabasamu.

"Nimepata laini moja hapa nyuma, mathe, haiblock hata ukiitupia mawe. Sijui inaenda wapi lakini inaenda tu."

Nilimsifu. Nilimpakulia pilau. Sikuuliza laini gani. Yule kijana alikuwa amelaza bomba hilo mwenyewe na amelisahau, na mimi nilikuwa nimemtuma alilaze na sikutaka kukumbuka. Miaka minne vyoo vya vyumba kumi vilikuwa vinaingia ndani ya kisima cha sadaka, hatua nane kutoka kwenye maji ya kunywa, chini ya mrehani wa mama.

Msichana alisema bado hana uhakika. Huenda kisima kirefu kimepasuka bomba lake la chuma, huenda hakijapasuka, na kuna njia ya kujua. Siku ya pili akaja na unga mwekundu ndani ya chupa, akaumimina kwenye choo cha mpangaji wa mwisho, akavuta maji. Ukigusana na maji, unga ule uligeuka kijani kikali, kijani ambacho sijakiona kwenye jani lolote. Akatuambia tuchote maji ya bomba la ndani asubuhi na jioni ndani ya bakuli jeupe na tuyatazame. Kama visima vimeungana, rangi itatuambia. Na hadi hapo mtu asinywe. Bomba la nje akalifunga kwa waya, akaniachia kibandiko cha kutundika.

Sikukitundika. Nilitundika kipande cha katoni nilichokiandika mwenyewe kwa mwandiko wangu mzuri wa ghalani: Bomba linafanyiwa ukarabati, samahani kwa usumbufu. Nilijiambia ni mpaka tupate uhakika. Nilijiambia namlinda mama.

Mama alitaka kutazama bakuli yeye mwenyewe. Hakuamini hata kidogo. Alitoa bakuli lake jeupe la harusi, lile lisilotoka kabatini hata siku ya Idi, akachota, akalipeleka dirishani kwenye mwanga. Siku ya kwanza maji yalikuwa meupe. Akanitazama kwa ushindi. Siku ya pili meupe. Akaanza kusema huyu msichana atakuja kuomba radhi kwa kumsingizia marehemu. Na mimi, Mungu anisamehe, nilianza kutumaini. Usiku nilijikuta nikiomba dua ya ajabu, kwamba choo changu kiwe kinaenda popote pengine duniani.

Asubuhi ya tatu nilikuwa jikoni nikikaanga mayai. Nilisikia mama akiniita kwa jina langu la utotoni, ambalo hakuwa amelitumia tangu nilipoolewa. Nilikwenda. Alikuwa ameketi kitandani, bakuli mapajani, ameweka mikono miwili pande zote kama mtu aliyebeba mtoto. Maji yalikuwa na rangi ya kijani. Si nyingi. Lakini juu ya weupe ule huwezi kubisha, na mama hakubisha.

Mayai yaliungua, tukasikia harufu yake, hakuna aliyeinuka.

"Miaka yote hii," akasema mwishoni, "nikilala nahesabu vikombe." Akalitazama bakuli. "Sasa baba yako amekuwa akiandikiwa nini kule?"

Ningeweza kumpa jibu, lakini sikulitoa.

"Na ni yeye mwenyewe aliyeagiza lile bomba," akasema. "Nakumbuka. Ulisema mzee amesema."

Nilipaswa kuzungumza pale pale. Ulimi wangu ulikuwa mzima, haukuwa mzito kama wa baba. Nilichukua bakuli mikononi mwake, nikaenda kulimwaga, nikalisugua hadi mikono ikaniuma.

Kuna mtu mmoja ambaye sijamtaja, na nilipaswa kumtaja mapema, ila nimekuwa nikimkwepa kama nilivyomkwepa wiki ile. Jirani yangu wa mlango wa pili, mke wa mchongaji vinyago, mzaliwa wa Kitui. Tumekuwa majirani tangu watoto wetu wakinyonya. Pasaka ananiletea chapati, Idi nampelekea pilau. Mwaka jana alilazwa mara tatu kwa taifodi. Mara tatu. Alikonda hadi pete ikawa inamtoka kidoleni. Tulilaumu matunda ya kukatwa ya barabarani, tukalaumu mboga za mtoni, tukamlaumu mkwe wake kwa kutopika vizuri. Na mara zote tatu nilimtembelea wodini nikiwa na chupa kubwa ya maji ya kisima chetu, nimeifunga kwa leso. Aliponyoosha mkono kuchukua glasi ya maji ya hospitali nilimzuia. Nilimwambia hayo hujui yametoka wapi, kunywa haya, haya yana baraka. Nilimshikia kikombe mdomoni.

Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Sikuwahi kufikiri kwamba mimi ndiye niliye nguoni mwa mwenzangu.

Siku hiyo ya rangi nilikwenda kazini kama kawaida, kwa woga mtupu. Niliporudi jioni nilimwona mama nje, barabarani. Mama haketi barabarani. Hajawahi. Lakini alikuwa hapo, ameketi kwenye kigoda cha mbuzi cha kukunia nazi, chini ya vyeti vyangu vya fremu, amejifunga buibui lake la kutokea. Katoni langu la ukarabati lilikuwa limechanwa, vipande viko miguuni pake.

Kila aliyekuja na mtungi, mama alimwinulia mkono. Nilisimama mbali kidogo nikasikia.

"Usichote, mwanangu. Maji ya mume wangu yameingia uchafu wa choo. Umekuwa ukiyanywa, na wanao pia. Siku tuliyomzika mume wangu, mwanangu wa kiume alisimama akatangaza, yeyote mwenye haki kwa marehemu ajitokeze. Wewe hukujitokeza kwa sababu hukujua. Sasa unajua. Nakuomba radhi kwa niaba yake. Msamehe."

Alikuwa akisema hivyo tangu saa nane mchana, fundi alikuja kuniambia baadaye, maneno yaleyale, bila kuchoka. Wengine walilia. Dereva mmoja alimshika mkono akaubusu. Mwingine aligeuka akaondoka bila neno, akiupiga mtungi wake mtupu kwa goti. Mama alimpa kila mmoja nafasi ya kukataa. Mwanamke wa miaka themanini na zaidi, anamwombea msamaha maiti aliyekuwa kitandani hajui lolote, kwa neno ambalo hakulisema.

Jirani yangu alikuwa kwenye foleni. Alikuwa wa tatu, mtungi wa manjano mkononi, khanga kiunoni. Nilimwona akisikia. Nilimwona akihesabu, mwezi wa pili, wa sita, wa kumi. Akageuka akanikuta nimesimama nyuma yake.

"Dada," akasema taratibu. "Ile siku ya wodi ulinikataza maji ya hospitali."

"Ndiyo."

"Ukasema hayo hatujui yametoka wapi."

"Ndiyo, mwenzangu."

Alinitazama tu, na uso wake haukuwa na hasira, ulikuwa kama wa mtu anayejaribu kumkumbuka mtu. Mama naye aliinua mkono kwake, akaanza: "Mwanangu, nakuomba radhi kwa niaba ya mume wangu..."

Hapo nilishindwa. Nilimpita jirani, nikapiga magoti kwenye vumbi mbele ya kigoda, sare yangu ya kazi na kila kitu.

"Mama, baba hakusema."

"Hakusema nini?"

"Lile bomba. Sikumuuliza hata siku moja. Nilitumia jina lake ili fundi achimbe. Vyoo navyo viliunganishwa na fundi niliyemwita mimi, sikuuliza laini gani, nikampa pilau. Baba alichimba maji safi, mama. Mimi ndiye niliyeyachafua."

Nilitegemea kofi, na ningelipokea. Mama alinitazama, na machozi aliyokuwa ameyazuia tangu asubuhi yakamshuka, na nitasema nilichokiona hata kama kitaniuma: alikuwa amefarijika. Midomo yake ilitaja jina la baba bila sauti.

Kisha akashika bega langu, akajiinua polepole, mgongo ukalia. Akajipangusa buibui.

"Kesho leteni saruji," akasema. "Kile cha zamani kifukiwe mpaka juu." Akakisukuma kigoda kwa mguu, kikanigusa goti. "Na hiki sasa ni chako. Kaa."

Alimshika jirani yangu mkono, wakaingia ndani wawili, mama akisema atamchemshia chai kwa maji ya dukani.

Niliketi. Juu ya kichwa changu vyeti sita vilikuwa vimening'inia. Aliyefuata kwenye foleni alikuwa mwanamke mjamzito ambaye simfahamu, pengine mpangaji mgeni wa mtaa wa pili. Aliweka mtungi wake chini ya bomba. Nikamwinulia mkono, nikamwambia asichote, na nikaanza kumweleza ni nani aliyeyachafua maji.